Kiinua Mgongo

Jengo tulilopanga Santos limeinama.
Si maneno ya kishairi: limeinama kweli,
ghorofa kumi na mbili zimeegemea za jirani
kama mlevi anayemnong'oneza mwenzake habari za deni.
Mchanga wa chini ni laini, bawabu alitueleza,
akatupa funguo, akatuonya kuhusu mayai:
msiyaweke mezani.

Tumetoka Juiz de Fora, watu wanne,
basi la usiku, mito ya shingo, vidonge vya presha.
Miaka thelathini na mitatu ya nyuzi na vumbi la pamba
tumeiacha kiwandani pamoja na aproni.
Kiinua mgongo kililipwa kwa mafungu matatu.
Migongo yenyewe, asikudanganye mtu, haikuinuka.

Genésio fundi mitambo, hata begi hajalitua,
alipiga magoti, akachomeka kipande cha boksi
chini ya mguu wa meza. Akapima kwa glasi ya maji.
Akaongeza boksi.
"Acha, Genésio," Zulmira alimwambia akiwa kitandani,
"jengo hili limestaafu kabla yako."

Siku ya kwanza tulitembea kwa haraka mno.
Bustani ya ufukweni ni ndefu, maua yamepandwa kwa mistari,
nasi tukaipita kama wakaguzi,
mikono nyuma, macho yakitafuta uzi uliokatika.
Muuza mahindi alituuliza tunamfukuza nani.

Siku ya pili tukaanza kujifunza.
Lourival alikaa kwenye kiti cha turubai,
akala pasteli ya jibini, akalala mdomo wazi,
akaamka, akala ya pili.
Zulmira aliingia baharini na miwani yake, na kofia, na hereni,
akasimama maji yakimfika magotini
akizitazama meli za makontena zikiingia bandarini,
kubwa kuliko mtaa wetu,
zikipita karibu hata unaweza kuhesabu mashati yaliyoanikwa.
"Kila moja ina saa yake ya kufika," alisema. "Maskini."

Mimi nilicheza domino karibu na Mfereji wa Tatu,
kwenye meza za zege. Wakanifunga mara sita.
Wakaniita dada wa milimani.
Seu Eurípedes, aliyebeba magunia ya kahawa ujana wake wote,
bega lake moja limeshuka, jingine limebaki juu;
akaniambia nihamie kushoto kwake,
"huku ndiko kwenye kivuli."

Usiku wa tatu, saa kumi na dakika arobaini,
nikafumbua macho.
King'ora kiko mamia ya kilomita kutoka hapa,
pengine kimeshauzwa kama chuma chakavu,
lakini nikafumbua macho, nikatoka kunywa maji.
Genésio alikuwa dirishani, amevaa viatu.
Zulmira alikuwa amechemsha kahawa. Vikombe vinne.
Lourival akatoka bafuni, ndevu ameshanyoa.

Tulitazamana kama wezi waliokutana nyumba moja.

Kisha Zulmira akacheka, kahawa ikamwagika,
ikateremka mezani kufuata mwinamo wake wa siku zote,
boksi la Genésio halikusaidia kitu.

Tukashuka wote. Mchanga ulikuwa baridi.
Watu wa zamu walipita kwa baiskeli kuelekea kivukoni,
taa ndogondogo, chakula kimefungwa nyuma ya tandiko.
Kijana mmoja akapunguza mwendo:
"Wazee wangu, saa ngapi sasa?"

Sisi.
Sisi tuliokatwa mshahara kwa dakika saba.
Genésio alitazama kifundo kitupu cha mkono.
Lourival alipapasa mfuko wa kaptura, akatoa kombe la baharini.
"Bado mapema, mwanangu," Zulmira alimjibu
kwa sauti ya mtu mwenye hakika,
na kijana akaamini, akanyonga taratibu, akipiga mluzi.

Natumaini hakuchelewa.
Hatukumuuliza zamu yake inaanza lini;
tulikuwa tumeshavua viatu.